Jumapili za Kumtafuta Kobe

Kobe alihama kabla yetu. Asubuhi hiyo wanaume wa kazi walimburuta kutoka uani juu ya kipande cha turubai, wakampandisha kwenye kirikuu cha mizigo kilichoegeshwa mbele ya mlango, wakamfunga kamba kama wanavyofunga friji. Yeye alikuwa amekwisha kuingiza kichwa ndani na hakukitoa tena. Mchafukoge ni mtaa wa Dar uliozoea kuona mizigo ya kila aina ikiingia na kutoka, lakini siku hiyo watu walisimama. Hata muuza kahawa aliacha kugonga vikombe vyake.

Dalali aliyesimamia uuzaji wa nyumba alikaa kiti cha mbele, simu sikioni. Mama yangu akamsogelea dirishani.

"Mnampeleka wapi?"

"Zuu, mama. Anaenda kwenye bustani ya wanyama, atatunzwa na wataalamu."

"Zuu ipi?"

Lakini kirikuu kilikuwa kimeshaondoka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja, ya zamani, yenye ua katikati. Juu waliishi wenye nyumba, familia ya Kihindu. Chini tuliishi sisi, wapangaji tangu enzi za babu yangu. Ilinunuliwa ibomolewe, pajengwe mnara kama ile mingine yote. Sikulia. Paa lilikuwa linavuja na ngazi zilikuwa zimeoza. Mimi na mama tulipata vyumba viwili ghorofa ya tatu, mtaa wa pili kuelekea Kariakoo, ambako nina kibanda cha kuuza zipu, vifungo na uzi. Mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa mjane, akahamia kwa mpwa wake, ghorofa ya saba, kwenye jengo lenye lifti.

Mama mwenye nyumba mimi namwita Ba. Ndivyo wanawe walivyokuwa wakimwita, maana yake mama, na kwa kuwa nilikua nikicheza nao uani nilidhani ndilo jina lake. Nilipokuja kuelewa nilikuwa nimeshazoea, na yeye alikuwa ameshazoea kuitika.

Kobe huyo aliletwa kutoka Unguja na baba mkwe wa Ba, kabla Ba hajaolewa. Hakuwa kobe wa kubeba mkononi. Alikuwa mkubwa kama karai la kufulia lililofunikwa, ana miguu kama ya meza ya kizamani, na akiamua kukaa mlangoni hapiti mtu. Tulimwita Babu. Mwaka fulani mkokoteni wa maji uliingia uani kwa kasi ukampanda mgongoni, gamba likapasuka kwa nyuma. Mume wa Ba, ambaye alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alilijaza lile pengo kwa puti ile wanayotumia mafundi wa kunyoosha bodi za magari, akaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye kopo la rangi ya geti. Jioni alikuwa akiteremka na kiti chake, anakaa karibu na Babu na gazeti, anamsimulia habari za dukani kwa Kigujarati. Alikuwa akisema ndiye mwanaume pekee katika nyumba ile mwenye muda wa kumsikiliza.

Mama yangu na Ba hawakuwa marafiki. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia habari za nyumba ile hupenda kufikiri kwamba tuliishi kama ndugu. Tuliishi kama majirani. Waligombana kuhusu bomba, kuhusu kamba ya kuanikia nguo, kuhusu harufu ya samaki wetu iliyopanda hadi dirishani kwao, na zaidi ya yote kuhusu Babu. Babu alikuwa akila mchicha ambao mama aliupanda kwenye makopo ya rangi. Alikuwa akila pia ule mrihani wa Ba pale uani, ambao kila asubuhi alikuwa akiumwagilia maji na kuuombea. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye aliyefungua makusudi kijigeti cha kumzuia Babu. Ikifika Idi tulipeleka juu sahani ya visheti, na ikifika Diwali sahani ilirudi na vitamu vyao. Siku ya pili ugomvi wa bomba uliendelea pale ulipoishia.

Miezi kadhaa baada ya kuhama, Ba alikuja kibandani kwangu. Alikuwa hajawahi kufika. Alisimama kwenye msongamano wa Kariakoo na mwavuli wake mweusi, wapagazi wakimpigia mluzi awapishe, naye hakusogea hata kidogo.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba, binti. Nataka zipu."

"Ya nguo gani?"

Akaangalia zipu zilivyoning'inia, akaziacha. "Zuu ziko ngapi hapa Dar?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimewahi kusikia iko moja Kigamboni, na nyingine njia ya Bagamoyo.

"Dalali hapokei simu," akasema. "Nimempigia mpaka kidole kimechoka. Mpwa wangu anasema kobe ni kobe, niache. Wewe una gari."

"Ba, unataka kumwona Babu?"

"Nataka kumchukua. Hekaluni wana ua mkubwa, nimeshaongea nao. Wamekubali."

Jioni nilimweleza mama. Alikuwa anakunja kanga, akazimaliza zote kwanza.

"Akienda yeye, na mimi naenda."

"Kufanya nini?"

"Nani alikuwa anamlisha yule kobe? Yeye? Yeye alikuwa anamwangalia kutoka juu. Mjomba wako ana uwanja Mbagala, una miembe na kivuli. Atakaa kule."

Basi nikawa na abiria wawili, kila mmoja na mahali pake pa kumpeleka kobe ambaye hatukujua yuko wapi. Kwa nini nilikubali, siwezi kueleza vizuri. Mimi sina mapenzi makubwa na wanyama. Jumapili nafunga kibanda, na gari langu dogo lilikuwa linakaa tu chini ya jengo likipata vumbi. Labda ni hivyo tu.

Tulianza na Kigamboni. Tungeweza kupita darajani, lakini Ba alitaka kivuko, kwa kuwa mume wake alikuwa akimpitisha huko walipokuwa vijana. Tukapanga foleni Magogoni, karibu na soko la samaki. Ba akaziba pua kwa ncha ya sari. Mama, aliyekaa naye kiti cha nyuma, akashusha kioo chote.

"Upepo mzuri," mama akasema.

Upande wa pili, tulipoacha lami na kuingia njia ya mchanga, Ba alitoa chapati zake nyembamba za majani ya uwatu kutoka kwenye mkebe akazila taratibu. Mama akatoa maandazi yake. Hakuna aliyemkaribisha mwenzake. Mimi niliyekuwa naendesha nikapewa chapati kutoka kushoto na andazi kutoka kulia.

Bustani ile ilikuwa imejaa watu. Palikuwa na spika zinazopiga muziki, ngamia wa kupandisha watoto, na bwana harusi na bibi harusi waliokuja kupigwa picha mbele ya mbuni. Simba alikuwa kwenye banda lenye nguzo za chuma, amelala ubavu. Watoto walimzomea, hakushtuka. Ba alisimama akamtazama kwa muda mrefu. Amezaliwa Dar, amezeekea Dar, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona simba.

"Nilidhani ni mkubwa zaidi," akasema.

"Amelala kama mume aliyeachishwa kazi," mama akasema.

Nikaona Ba anageuza uso pembeni. Alikuwa anacheka na hakutaka ionekane.

Kisha ukafika wakati wa kulisha. Mhudumu alikuja na ndoo, akatupa paja la ng'ombe ndani, na simba yule mvivu akainuka kama aliyeitwa jina lake. Ba, ambaye maisha yake yote hajala nyama, aliwapa mgongo akatazama ukuta. Mama alisogea mbele.

"Kijana, hiyo nyama imechinjwa?"

Mhudumu akamwangalia. "Imechinjwa vipi, mama?"

"Kwa Bismillahi."

"Mama, anakula simba."

"Najua anakula simba. Nauliza imechinjwa?"

Mhudumu alisema imechinjwa. Nadhani alisema ili aachwe afanye kazi. Nikamuuliza mahali walipo kobe. Akatupeleka kwenye uzio mdogo nyuma ya banda la nyoka. Walikuwemo kobe wengi, lakini wadogo, wa kahawia, wale wa porini wanaookotwa mashambani. Mkubwa kuliko wote angetosha kwenye beseni.

"Huyu wetu ana kibandiko cha kijani mgongoni," nikamwambia.

"Hapa hajaja," akasema. "Ningemkumbuka."

Nilidhani habari itaishia hapo. Wakati wa kurudi wote wawili walitazama nje, mmoja kulia, mwingine kushoto. Nilipomshusha Ba mbele ya jengo lake, aliinama dirishani akasema, "Wiki ijayo Bagamoyo," kisha akaingia ndani kabla sijajibu.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, kwa hiyo tulikwenda ile ya pili yake. Nilikuwa nimeulizia watu wakanielekeza mahali pa kufugia mamba, nje kidogo ya barabara ya Bagamoyo, ambapo mwenye eneo anapokea pia wanyama wengine waliokosa makao. Siku hiyo kulikuwa na jua la kukausha mbata. Mama hakuwa na kitu cha kujikinga. Ba alimtazama akitembea kwenye jua hilo, kisha akamnyooshea mwavuli wake.

"Chukua. Mimi nina sari."

"Sina haja."

"Chukua, ukianguka binti yako atatubebaje wote?"

Mama akachukua. Tukapanda kwenye daraja la mbao lililojengwa juu ya bwawa. Chini mamba walikuwa wamelala mmoja juu ya mwingine, midomo wazi, hata nikadhani ni wa sementi. Mwenye eneo, mwanaume mnene aliyevaa buti za mvua, alikuwa akitueleza jinsi mamba anavyoweza kukaa muda mrefu bila kula. Mama alikuwa ameegemea ubao kumsikiliza. Upepo ukaingia chini ya mwavuli, mwavuli ukamponyoka, ukaelea kama unaotaka kurudi, ukatua majini.

Wale wa sementi wakafufuka. Sikuwahi kuona kitu kikitoka kwenye utulivu na kuingia kwenye fujo kwa upesi ule. Maji yalirukia mpaka kwenye viatu vyetu. Mamba mmoja aliukamata mwavuli kwenye fimbo, akazunguka nao, na sisi tukaona vyuma vyake vikifunguka na kukunjika, kitambaa cheusi kikitoka vipande vipande. Halafu wakaacha. Wakarudi kulala, kipande cha mwavuli kikiwa kimening'inia kwenye meno ya mmoja wao.



"Ulikuwa wa marehemu," Ba akasema hatimaye.

Mama aligeuka. Nilijua uso ule, nikajiandaa kwa ugomvi. Badala yake akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Jirani, sikukusudia."

"Najua hukukusudia." Ba aliendelea kutazama bwawa. "Alikuwa anausahau kila mahali. Hekaluni, benki, kwa kinyozi. Kila mara unarudishwa. Nilikuwa namwambia, huu mwavuli utakuzika. Sasa wenyewe ndio umezikwa."

Na hapo akacheka, safari hii bila kuficha. Mama naye akacheka, kwa hofu kwanza, kisha kwa kweli, hadi akashika ubao. Mwenye mamba alitutazama wote watatu kama anayejiuliza kama jua limetupata.

Tulipoteremka nilimuuliza kuhusu kobe. Akavua kofia akajikuna.

"Mwenye rangi ya kijani mgongoni? Aliletwa hapa kwa kirikuu. Mimi sikumpokea. Kobe mkubwa vile anataka eneo lake na anataka kibali, na mimi mamba wananitosha. Nikamwambia yule dalali ampeleke Mlandizi. Kuna mama mmoja kule, ana bustani ndogo, anapokea wanyama kama hao. Vibali anavyo."

Akatuelekeza. Garini, Ba alikula chapati moja, akaitazama iliyobaki, akaikata vipande viwili. Kimoja akamwekea mama mapajani bila kumtazama. Mama akakila. Baadaye akasema chumvi imepungua.

Kwenda Mlandizi ni barabara ya Morogoro, malori mbele na malori nyuma. Tulitoka mapema. Nilikuwa nimetarajia kwamba baada ya mwavuli mambo yangelainika, na kweli yalikuwa yamelainika mpaka tulipopita Kibaha. Hapo Ba akasema kwamba hekaluni wameshatengeneza kibanda.

"Kibanda cha nini?" mama akauliza.

"Cha Babu."

"Babu anaenda Mbagala. Ndugu yangu ameshapanda mchicha."

"Nani kasema anaenda Mbagala?"

"Mimi."

"Kobe alikuwa wa nyumba," Ba akasema, "na nyumba ilikuwa yangu."

"Nyumba ilikuwa yako. Maganda ya ndizi yalikuwa yangu. Na maboga, na majani ya kabichi niliyokuwa nabeba kutoka sokoni kichwani. Wewe ulimpa nini?"

"Nilimpa mrihani wangu! Kila mwezi nilipanda mpya!"

"Hukumpa. Aliiba."

Nikawaacha. Nilipitwa na lori la sementi, nikapandisha vioo kwa sababu ya vumbi, na sauti zao zikazidi kujaa mle ndani. Nilifikiri jambo moja tu ambalo wao hawakulifikiria: kwamba gari langu halimwezi Babu kwa vyovyote vile, na kwamba hata kama ingekodiwa kirikuu, kuna mtu aliyempokea na kumlisha ambaye huenda naye ana neno la kusema.

Mtu huyo alikuwa mwanamke wa umri wa mama, mrefu, amevaa gauni na buti, kanga kiunoni. Eneo lake lilikuwa ekari chache zenye uzio wa michongoma. Hapakuwa na spika wala maharusi. Walikuwepo tumbili waliookolewa kutoka kwa watu waliokuwa wakiwafunga minyororo, paa mmoja mwenye mguu uliovunjika ukaungwa vibaya, bundi, na kanga wengi waliokuwa wakikimbia huku na huko bila mpango. Tulisalimiana. Mama na Ba walikuwa wamenyamaza kwa adabu, kama watu wanaoingia ugenini wakiwa wamenuniana.

"Tumekuja kumwona kobe mwenye kijani," nikasema.

"Ninyi ndio wenyewe?" Akatutazama mmoja mmoja. "Nimekuwa nikijiuliza nani alimpiga puti kama bodi ya lori. Njooni."

Alikuwa nyuma, chini ya mkorosho, kwenye uwanja mpana wenye dimbwi la matope. Nilimtambua kabla sijaona mgongo, kwa jinsi alivyosimama. Alikuwa ametoa shingo yake yote, ndefu, na alikuwa anatafuna jani la mpapai. Sikuwahi kumwona na shingo ndefu namna ile. Uani kwetu alikuwa amezoea kuificha nusu. Kile kibandiko kilikuwa pale pale, rangi imechujuka kidogo.

Ba alikuwa wa kwanza kuingia. Aliinua sari, akapita kwenye matope na ndala zake, akamwekea mkono kichwani. Akasema naye Kigujarati. Babu aliendelea kutafuna. Mama alichomoa kutoka kwenye mkoba wake mfuko wa maganda ya ndizi. Sikujua kwamba amekuja nayo. Yalikuwa yameshaanza kuwa meusi. Kobe akageuza kichwa, akaacha jani la mpapai, akaja.

"Umeona?" mama akamwambia Ba. "Ananijua."

"Anajua ndizi."

"Mnamwitaje?" mwenye bustani akauliza.

"Babu," tukasema wote.

Akatabasamu. Alikuwa anajizuia, nadhani, kwa heshima ya ugeni wetu.

"Huyu ni jike."

Ba aliondoa mkono.

"Jike," akarudia yule mama. "Angalieni mkia, mfupi. Dume mkia wake mrefu, na chini ya tumbo pana kibonde. Huyu tumbo liko bapa. Nami sikuwa na hakika mwanzoni, lakini amekwisha kutaga." Akaonyesha kipande cha ardhi karibu na uzio, kilichozungushiwa matofali. "Pale. Alichimba mwenyewe kwa miguu ya nyuma, jioni nzima. Mayai kama mipira ya tenisi. Dume wangu ni yule, alitoka kwenye hoteli moja ya pwani iliyofungwa."

Kweli, upande wa pili wa dimbwi palikuwa na jiwe, na lile jiwe lilikuwa kobe mwingine, mkubwa zaidi.

Nilitazama mama, nikatazama Ba. Sijui nilitarajia nini. Ba alikuwa amesimama kwenye matope, mdomo wazi kidogo.

"Mume wangu," akasema polepole, "kila jioni alikuwa anamwita mwanaume mwenzake. Alikuwa anamweleza mambo ambayo hawezi kuwaeleza wanawake."

"Mambo gani?" mama akauliza.

"Nitajuaje? Hakunieleza mimi."

"Basi alikuwa anamweleza mwanamke."

Ba akafikiri. Kisha akaanza kucheka, kwanza bila sauti, mabega yakitikisika, halafu kwa sauti hadi kanga wakatawanyika. Mama alimshika mkono asianguke, naye alikuwa hoi vilevile. Mwenye bustani aliwaletea viti viwili vya plastiki, wakakaa pale pale kwenye kivuli, miguu imejaa matope, wakimtazama kobe anavyomaliza maganda.

Walikaa muda mrefu. Mimi nilizunguka na mwenyeji kuwaona tumbili. Nilipokaribia tena niliwasikia wakizungumza kwa sauti ya chini, nikasimama nyuma ya mkorosho.

"Miaka yote ile peke yake," Ba alikuwa akisema. "Na sisi tunamwita Babu."

"Hakulalamika."

"Angelalamikaje?"

Mama akasema, "Mimi nilikuwa na miaka thelathini mume wangu alipofariki. Watu waliniambia nimezoea kukaa peke yangu."

"Najua. Nilikuwepo."

"Ulishuka na sufuria ya wali wa dengu."

"Hukuula."

"Niliula. Nilikurudishia sufuria tupu ili usijue kama niliula au niliwapa watoto wa mtaani."

Hii sikuwahi kuisikia. Baba alifariki nikiwa mdogo sana, na kwetu kuna mambo ambayo hayazungumzwi, si kwa siri, ila kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyaanza. Nilisubiri kama wataendelea. Hawakuendelea. Ba alimuuliza kama Mbagala kuna dimbwi. Mama akasema hakuna, kuna bomba tu. Akamuuliza kama hekaluni kuna dimbwi. Ba akasema sakafu ni ya marumaru.

Tulipoaga, mwenye bustani aliuliza kama tumekuja kumchukua. Alikuwa ameshika geti kwa mikono yote miwili.

"Kumchukua?" mama akasema. "Nani kasema?"

"Tumekuja kumjulia hali," Ba akasema.

Njiani walilala wote wawili, vichwa vimeegemea vioo, kila mmoja upande wake.

Tulirudi mara kadhaa, si kila Jumapili. Mayai yale ya kwanza hayakuanguliwa. Mwenye bustani alisema ndivyo inavyokuwa kwa aliyechelewa kuanza, na mama akamwambia asiseme hivyo mbele yake, yaani mbele ya kobe. Katikati ya hapo Ba alichukuliwa na binti yake Uingereza, kwa sababu ya moyo. Alituaga kwa haraka, lifti ya jengo ikiwa imeharibika, na sisi tukapanda ngazi hadi ghorofa ya saba na sahani ya visheti. Mama alipofika juu hakuwa na pumzi ya kusema chochote. Ba akampa maji, wakashikana mikono, ikawa basi.

Kobe alitaga tena, na safari hii mayai yakaanguliwa. Mwenye bustani alinitumia picha asubuhi moja wakati nafungua kibanda: vitu vyeusi vidogo kwenye udongo, kama vifungo vya koti. Jumapili nilimpeleka mama. Alivitazama, akasema ni vibaya kwa sura lakini vitakua. Hakutaka kuvishika. Alipofika nyumbani aliniambia nimpigie Ba kwa simu ya picha.

Ba alitokea amevaa sweta na kofia ya sufu, nyuma yake dirisha lenye ukungu.

"Jirani! Umenenepa."

"Ni sweta," Ba akasema. "Nionyeshe."

Nikamtumia picha. Alizitazama kwa muda, miwani imeshuka puani.

"Majike au madume?"

"Bado hawajulikani."

"Basi msiwape majina," Ba akasema. "Tumeshakosea mara moja."

"Nani alikosea? Ni baba mkwe wako ndiye aliyemwita Babu. Sisi tulimkuta na jina."

"Baba mkwe wangu alimwita Kachbo, yaani kobe. Babu mlianza ninyi huko chini."

"Sisi?"

Nikaiegemeza simu kwenye birika mbele ya mama, nikaenda jikoni kuosha kambale. Walibishana mpaka chaji ikaisha.